Kope za Kung'oa, Kope za Kubandika

Lensi yenye rangi ya asali imekaa kwenye ncha ya kidole cha mpambaji, ukingo wake ukitikisika kwa upepo wa feni. Ni Jumamosi, msimu wa harusi, ndani ya saluni moja ya Majengo, Dodoma. Bibi harusi ameegemeza kichwa, uso umekwisha pakwa poda, kope za kubandika zimelazwa juu ya kikaratasi zikingoja zamu, gundi yake bado mbichi. Kichupa cha dawa ya lensi kimeisha. Mpambaji anakiminya, kinatoa hewa tu. Basi anafungua koki ya ndoo iliyo juu ya stuli, anakinga matone machache kiganjani, anaisuuza lensi, anaipuliza. "Angalia juu, mdogo wangu, usipepese." Jicho jeusi linageuka la asali, shangazi mmoja anapiga kigelegele, simu zinainuliwa. Mimi niliyekuwa nimekuja kumchukua dada yangu aliyekuwa akisukwa, nikabaki naitazama ile ndoo.

Ndoo ya maji Dodoma ina heshima yake. Aliyekulia hapa anazijua siku za mgao, na anaijua ile sauti ya bomba linapotoa hewa kabla maji hayajafika. Maji ya mji hutoka visimani Mzakwe, katika bonde la Makutupora, yakavutwa kutoka chini sana ya ardhi, nayo huja na chumvi zake: birika likitumika miezi michache huota ukoko mweupe ndani, sabuni hugoma kutoa povu, shati jeupe hupauka. Tunayalalamikia, lakini hatuyakatai. Ukitoka nje ya mji wakati wa kiangazi, ukashika njia ya Bahi au ya Mpwapwa, utawaona akina mama wamechutama kwenye mchanga wa korongo, wakichota kwa kata ndani ya shimo lenye kina cha mkono mzima, wakisubiri maji yajikusanye ili wachote tena. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nchi ambayo mvua zake huja kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mwingine zikagoma, haiwezi kumlea mtoto kwa kumwambia kwamba maji ni ya kuogopwa. Huku maji ni dawa. Mgeni akifika hupewa maji kabla ya habari, mgonjwa hupewa maji kabla ya kidonge, na mtoto aliyeingiwa na kitu jichoni huinamishwa juu ya beseni. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za kiumbe anayekula konea za wavaa lensi, kilichonitatiza hakikuwa ukali wake. Kilichonitatiza ni makazi yake, kwamba anaishi katika maji yaleyale ambayo mwanamke wa Chamwino angeyafuata alfajiri na kumshukuru Mungu kwa kuyapata.

Konea ni kioo cha mbele cha jicho, kile kinachofunika weusi wake, na unene wake katikati ni karibu nusu milimita. Mwili karibu wote hulishwa na damu, konea imejinyima. Haina mshipa wa damu hata mmoja, maana damu ingeitia ukungu na nuru isingepita. Hewa yake huivuta moja kwa moja kutoka nje, kupitia utando wa machozi, na kila tunapopepesa utando huo hutandazwa upya bila sisi kujua. Wahenga waliposema macho hayana pazia walikuwa wakisema habari za kutazama, kwamba kilichopita mbele ya jicho huonekana tu, utake usitake. Daktari wa macho angeweza kuuchukua msemo huo ulivyo na kuutundika ukutani kwake. Sehemu hii iliyojinyima damu haikujinyima hisia: imejaa ncha za neva kuliko ngozi ya kidole, ndiyo maana punje ya vumbi la Agosti inaweza kumsimamisha dereva wa bodaboda katikati ya barabara. Ikijeruhiwa hupona, lakini jeraha likizama sana hupona kwa kovu. Kovu la goti tunalionyesha tukisimulia utoto wetu. Kovu la konea ni chamba, weupe unaokaa kati ya mtu na dunia nzima, na mwenye nalo halioni. Anaona tu kwamba asubuhi hazipambazuki sawasawa siku hizi.

Kabla lensi hazijafika Majengo, kope zilikuwa na habari nyingine kwenye nyanda hizi. Bibi wa Kigogo amekaa mlangoni pa tembe asubuhi, jua likiwa limefika usawa wa goti, kioo kidogo mkono mmoja, kibano cha chuma mkono wa pili. Anang'oa kope zake. Moja, nyingine, anapumzika, anafuta machozi kwa upindo wa kanga, anaanza tena. Akishindwa kuikamata iliyobaki, humwita mjukuu, kwa kuwa macho ya mjukuu ndiyo bado yanaona: "Njoo unitolee huu mwiba, mwanangu." Mtoto hushika kibano kwa vidole viwili, akakaza pumzi. Baada ya wiki chache kope huota tena, fupi na kavu, na fupi huchoma kuliko ndefu. Ugonjwa huo ni trakoma, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la vikope, na chanzo chake ni bakteria wa kawaida sana anayehama kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine kwa vidole, kwa kitambaa kimoja cha kufutia nyuso tatu, kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena miaka yote ya utoto, upande wa ndani wa kope la juu hujaa makovu. Makovu yakikauka hujikunja, huvuta kope kwa ndani, na nywele zilizowekwa hapo ili kulinda jicho huanza kulikwaruza. Mtu hupepesa maelfu ya mara kwa siku. Hesabu mwenyewe mikwaruzo ya miaka kumi.

Wanawake huumwa zaidi ya wanaume. Hawakuumbwa na kope dhaifu. Wao ndio wanaobeba watoto, wanaolala nao, wanaowafuta makamasi, na kwa hiyo wanaoendelea kuambukizwa wakiwa watu wazima, wakati kaka zao wako machungani na ng'ombe. Mapenzi ya mama yameandikwa upande wa ndani wa kope lake, mahali ambapo haoni mtu isipokuwa mganga wa macho anapolipindua kwa kidole gumba.

Kongwa, wilaya ya mkoa huuhuu, inajua kutazamwa na wageni. Mwaka 1947 Waingereza walifika pale na matrekta yao, wakitaka kulima karanga ili wapate mafuta ya kupikia kwa nchi yao iliyotoka vitani. Udongo ukawa mgumu, mvua ikawa haba, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa pamoja na mamilioni ya pauni. Walitazama ramani, hawakumuuliza Mgogo kuhusu mvua. Katika miaka ya 1980 wakaja wengine, safari hii wakiwa pamoja na wataalamu wa Kitanzania, na hawa walitazama macho ya watoto. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa vijiji walivyovipima walikuwa na trakoma hai. Jambo ambalo mimi hulirudia kila nikilisoma ni hili: waligundua kwamba akina mama wengi waliamini kunawisha uso wa mtoto kunataka maji mengi, na maji mengi hayakuwepo, kwa hiyo uso ulisubiri. Walipoonyeshana kwa vitendo, palepale kijijini, kwamba lita moja inatosha nyuso nyingi, ubishi ulibadilika. Umbali wa kisima ulikuwa jambo la kweli, lakini kulikuwa na jambo jingine karibu zaidi, nalo ni nani ndani ya nyumba anayeamua maji yaliyopatikana yaende wapi: kwenye chungu, kwenye pombe ya shughuli, kwa ndama, au kwenye uso wa mtoto wa miaka mitatu. Jaribio la kunawisha nyuso lililofanyika katika vijiji 6 vya Kongwa, likaongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, lilionyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kampeni ya kunawa vilikuwa na trakoma kali pungufu kuliko vilivyopewa dawa peke yake.

Hivyo uso safi wa mtoto ukaingia katika mkakati wa dunia, pamoja na upasuaji wa kope, dawa na mazingira. Ikaja kingatiba: tangu 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea azithromycin ya msaada, na mgawa dawa akasimama chini ya mbuyu akiwa na ufito mrefu wenye alama, akipima urefu wa mtoto badala ya uzito ili ajue ampe kiasi gani. Kikaja kibuyu chirizi, dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kamba, unakanyaga kijiti linainama, maji yanatoka uzi mwembamba, sabuni imening'inia pembeni ndani ya soksi kuukuu. Sijui kifaa cha tiba kilicho na adabu kuliko hicho. Hakimwagi. Wilaya nyingi za nchi hii sasa zimetoka kwenye orodha ya ugonjwa ule, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya uzi ule wa maji.

Kwa upande mwingine wa nchi, maji yanapofanya kelele, jicho lina adui mwingine. Milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, ina mito inayokwenda kwa kasi, na katika mito hiyo huzaliana usubi, inzi mweusi mdogo anayeuma mchana. Huyo hupanda minyoo mwilini, na watoto wa minyoo hiyo hutembea chini ya ngozi hadi jichoni, hufia ndani ya konea, na konea hugeuka nyeupe polepole kuanzia pembeni. Hao ni vimelea kweli, hawawezi kuishi bila binadamu. Sisi ndio shamba lao na ghala lao. Dodoma ilinusurika na balaa hilo kwa sababu ya ufukara wake. Kinyasungwe huwa mto kwa wiki chache za masika, baada ya hapo ni barabara ya mchanga wanamopita mbuzi, na usubi hawezi kulea watoto mchangani. Nchi ileile iliyokoseshwa maji ikapata trakoma, na kwa kukosa maji ikaepushwa na usubi. Mungu hagawi kwa mizani tunayoijua.

Yule wa ndoo ya saluni ni wa namna ya tatu, na ndiye anayenishinda kumwelewa. Jina lake la kitaalamu ni Acanthamoeba. Ni ameba wa seli moja, asiyeonekana bila hadubini, mwenye vijimiguu vyembamba vilivyochongoka mwili mzima anavyovichomoza na kuvirudisha anapotembea. Aliyemwona kwanza kwa namna ya kutuhusu ni daktari wa Kiitaliano, Aldo Castellani, na mtu huyu hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alifika Entebbe mwaka 1902 na tume iliyotumwa kuchunguza malale, wakati ugonjwa ule ukiteketeza watu kandokando ya Ziwa Victoria, na ni yeye aliyeviona vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Miaka karibu thelathini baadaye, mwaka 1930, alikuwa anaotesha kuvu kwenye chombo cha maabara akakuta mgeni ndani, ameba anayekula kile alichokiotesha yeye. Akaandika habari zake. Hakukuwa na sababu ya kumwogopa. Alikuwa uchafu wa maabara tu, kiumbe wa udongo na maji, mla bakteria, asiyemdai mtu chochote.

Na mpaka leo hamdai. Hapo ndipo mawazo yangu hukwama kila mara. Kimelea tunamwelewa, kwa kuwa anatuhitaji, na mwenye kuhitaji ana mantiki. Acanthamoeba anaishi maisha yake kamili bila sisi: katika vumbi, katika mfinyanzi wa bwawa, katika bomba, katika matope membamba yanayojijenga chini ya tanki. Maji yakikauka, chakula kikiisha au joto likizidi, hujikunja na kujijengea kuta mbili, akalala. Watafiti wamewaamsha waliokaa wakavu maabarani kwa zaidi ya miaka 20. Klorini ya kawaida ya mjini, ile inayomuua kijidudu cha kipindupindu, hupita juu ya kuta hizo. Fikiria vumbi jekundu la Dodoma linaloinuka Agosti na kutua juu ya kila kitu, juu ya meza za wizara kule Mtumba na juu ya ugali wa mama lishe. Ndani yake wamo waliolala tangu kabla ya watoto wetu kuzaliwa, na hawamngoji yeyote. Watu wengi tayari wamegusana nao na hawakuumwa. Jicho zima, lenye machozi yake na kupepesa kwake, humsukuma nje. Anahitaji mlango na mahali pa kukaa, na vyote viwili hatengenezi yeye.

Mgonjwa wa kwanza wa konea kutambuliwa kuwa na ameba huyu alikuwa mfugaji wa Texas, Marekani, aliyeumia jicho katika kazi zake mwaka 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Matukio haya mawili hayahusiani kwa lolote, ila mimi huyaweka pamoja kwa sababu ya mfugaji. Ng'ombe, nyasi kavu, upepo, jicho: mtu wa Kongwa au wa Manyoni angeweza kuwa yeye. Lakini ugonjwa haukubaki machungani. Mwishoni mwa 1961 Otto Wichterle, mkemia wa Prague, alikuwa ametengeneza lensi laini nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kutokana na vyuma vya kuchezea vya watoto, lensi ya plastiki inayokunywa maji, kiasi kwamba zaidi ya theluthi ya uzito wake ni maji. Hapo ulaini wake ulipo, na hapo pia ulipo udhaifu wake. Kilicho majini huingia nayo. Miaka ya 1980 Wamarekani waliojitengenezea maji ya lensi nyumbani, wakiyeyusha vidonge vya chumvi, walianza kufika hospitali na macho mekundu yasiyopona. Leo inakadiriwa kwamba nchini humo asilimia 85 ya wanaougua ni wavaaji wa lensi. Uingereza, ambako nyumba nyingi zilihifadhi maji kwenye tanki darini, walimkuta ameba huyo kwenye mabomba ya wagonjwa wenyewe, na maeneo yenye maji ya chumvichumvi, yale yanayoacha ukoko kwenye birika, yalikuwa na wagonjwa wengi zaidi.

Nilipofika kwenye mstari huo wa tanki na ukoko nilitoka nje nikatazama mtaa wetu. Juu ya kila paa, au juu ya mnara wa matofali kando ya nyumba, tanki jeusi la plastiki. Tumeyajaza kwa akili, kwa sababu ya mgao. Mji uliotangazwa jiji mwaka 2018 na kumiminiwa watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara hauwezi kuishi kwa bomba peke yake. Nani kati yetu amewahi kupanda na brashi akasugua sakafu ya tanki? Kikulacho ki nguoni mwako, na maji yetu tumeyavalisha nguo nyeusi na kuyaweka juani.

Sipigi mbiu ya janga. Hata kule ambako watu wanavaa lensi kwa mamilioni, ugonjwa huu ni nadra, na yule bibi harusi yawezekana alicheza hadi usiku wa manane, akazitoa lensi zake, akalala salama. Konea za huku zimeharibiwa zaidi na mambo ya kale na ya kila siku. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mvumi, kusini mashariki mwa mji huu, aliandika na Alfred Sommer mwaka 1987 juu ya watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea: asilimia 37 walikuwa wametoka kuugua surua, nusu walikosa vitamini A, na asilimia 17 vidonda vyao vilitokana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Majani yaliyotwangwa, maziwa, mkojo. Walivitia kwa mikono ya upendo. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A yamewaokoa wengi ambao leo ni wazazi. Mbele ya orodha hiyo, ameba wa lensi ni mpita njia.

Hata hivyo maumivu yake si ya mpita njia. Akishaingia, hufuata neva za konea, na mgonjwa hulia kwa maumivu yasiyolingana na wekundu unaoonekana, akijifungia chumbani na pazia limeshushwa mchana. Jicho linaweza kuonekana kana kwamba lina virusi vya malengelenge, likatibiwa hivyo wiki kadhaa, huku ameba mwenyewe akiendelea kuchimba. Baadaye huweza kutokea duara jeupe kwenye konea. Dawa yake ni ya familia moja na dawa zinazotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Hudondoshwa kila saa, mchana na usiku, siku za mwanzo, kisha kwa miezi, kwa sababu aliyejifungia ndani ya kuta mbili lazima angojewe mpaka atoke. Wengine huishia kuhitaji konea ya marehemu. Tiba ya namna hiyo inataka muda, pesa, msaidizi wa kuamka usiku na hospitali iliyo karibu, vitu ambavyo mtu wa kawaida wa nyanda hizi huvipata kimojakimoja.

Na bado siwezi kumgombeza bibi harusi. Nimesikia wazee wakisema wasichana wa sasa wanajitafutia, kwa nini asiolewe na macho aliyopewa na Mungu. Ukipenda, chongo huita kengeza, na asiyependa huita kila pambo upuuzi. Nyanya zake walichanja nyuso, walitoga masikio yakaning'inia, walijipaka samli na udongo mwekundu, na hakuna aliyewaambia kwamba wanacheza na afya. Kutaka kuonekana mzuri siku moja mbele ya watu wako ni haja ya kale kuliko hospitali zote. Jambo linaloniudhi liko kaunta. Lensi za urembo huuzwa rafu moja na mawigi na kucha za plastiki, katika kisanduku chenye picha ya jicho la kijani na maandishi ya lugha ambayo muuzaji haisomi, na mnunuzi huondoka bila kuambiwa hata sentensi moja. Tumetumia miaka arobaini kumfundisha bibi yake kijijini kwamba maji kidogo usoni mwa mtoto yanaokoa jicho. Ujumbe ukashika, ukawa wimbo shuleni. Mjukuu amekuja mjini na wimbo huo kichwani, anayaamini maji, anaisuuza lensi kwa maji safi ya ndoo kwa moyo mweupe kabisa, na hakuna aliyemwimbia ubeti wa pili.

Bibi anang'oa kope, mjukuu anabandika. Kati yao kuna barabara ya lami, chuo kikuu, bunge na treni ya umeme, na ukilitazama jicho peke yake hakuna kilichosogea: nusu milimita ya kioo kisicho na damu, kinachotegemea utando wa machozi na busara ya yule anayekigusa. Kumnawisha mtoto na kuikinga lensi na maji ni ulinzi wa utando huohuo mmoja. Mtu mmoja anaweza kuyabeba mafundisho yote mawili bila kuchanganyikiwa. Mama anayejua kwamba moto unapika ugali na unaunguza mtoto hahitaji semina.

Kwa hiyo, wewe mwenye saluni, nunua kichupa kingine kabla hiki hakijaisha, na kikiisha bibi harusi aolewe na macho yake. Lensi isishirikiwe na wateja wawili. Wewe unayezivaa, kausha mikono baada ya kunawa, zitoe kabla ya kuoga na kabla ya kulala, na kijumba chake usikisuuze kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya chupa. Na jicho likianza kuuma, likauogopa mwanga, usisubiri wiki ipite wala usinunue matone dukani. Nenda hospitali, na kabla daktari hajakuuliza lolote mwambie kwamba ulivaa lensi, hata kama ilikuwa mara moja tu, siku ya harusi.